Kuku wa friza mfupa mweusi: tunauziwa vilivyolala au ni ushamba wetu tu?

#1 Kibosho Kwetu

Wakuu, heshima mbele.

Jumapili mama mkwe kashuka kutoka Marangu bila taarifa. Kwa haraka nikachukua kuku wa friza duka moja hapa Moshi mjini, kafungwa nailoni vizuri, mweupe pe, hana hata unyoya. Mezani mama kavunja paja: pale kwenye kiungo mfupa mweusi, na nyama ya pembeni imegeuka zambarau. Akalirudisha kwenye bakuli, akaomba maharage.

Dukani wananiambia kuku ni mzima, ndivyo walivyo. Mke wangu anasema alikaa friza tangu mwaka jana. Sasa naomba kujua, mfupa mweusi unaletwa na nini? Na kwa jumla, hivi vya friza (kuku, nyama, samaki, njegere) vinafika hata nusu ya ubora wa vibichi vya sokoni? Msimamo wangu ni hapana, ila natafuta wa kunibishia kwa hoja.

#2 Chalii wa Ngarenaro

Huyo alijifia bandani, mkuu. Hakuchinjwa, damu ikabaki ndani, ndiyo hiyo umeiona. Mdondo ukipiga banda usiku, asubuhi friza za watu zinajaa. Mpe mama shikamoo yangu.

#3 Mama Wawili Njiro

Napiga kambi hapa.

#4 Daktari wa Ng'ombe

#2 acha kutisha watu. Kuku aliyejifia unamjua kabla hajaingia sufuriani: ngozi inakuwa nyekundu mwili mzima, mishipa ya chini ya bawa na ya shingoni imejaa damu. Mtoa mada kasema kuku alikuwa mweupe pe, maana yake damu ilitoka.

Mfupa una maelezo yake. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki 5 au 6. Umbo ni la mtu mzima lakini ni mtoto, mifupa haijakaza, bado ina vitundu. Ndani kuna uboho mwekundu. Akigandishwa, chembe za damu za kwenye uboho zinapasuka; akiyeyuka, ule wekundu unapenya mfupa na kutokea nje, hasa kwenye viungo. Moto ukiupata unageuka kahawia iliyokolea au mweusi kabisa. Unaliwa bila madhara. Kuku wa kienyeji wa miezi 7 au 8 mifupa imeshakomaa, hata ukimgandisha hali hiyo huioni sana.

Kwa hiyo mfupa unakwambia kuku aligandishwa. Aligandishwa jana au mwaka jana, mfupa hausemi.

#5 Chalii wa Ngarenaro

Dokta una duka la kuku nini?

#6 Daktari wa Ng'ombe

Nina duka la dawa za minyoo. Karibu, naona una dalili.

#7 Mmeru Halisi

Mnazunguka mbuyu. Kuku wa friza si wa hapa. Wanatoka Brazil kwa kontena, wakifika Arusha wana umri wa mtoto wa chekechea. Utapata wapi ladha?

#8 Mama Wawili Njiro

Kaka yangu Mmeru, Tanzania ilizuia kuku kutoka nje tangu 2006, kipindi cha homa ya mafua ya ndege. Umesahau vifaranga 6,400 vilivyochomwa moto pale Namanga 2017 kwa sababu vimetoka Kenya? Kifaranga cha siku moja kichomwe, halafu kontena la mapaja lipite hivi hivi?

#9 Mmeru Halisi

Njia za panya za Namanga unazijua wewe? Hoja yangu ipo palepale. Ila vifaranga vile roho iliniuma.

#10 Fundi Majokofu

Mimi mikono yangu imo ndani ya majokofu ya watu kila siku, Unga Ltd mpaka Kisongo. Nawaambia kitu ambacho dokta hawezi kukiona kutoka duka la dawa.

Kinachoua ubora ni KASI ya kugandisha. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9. Kiwandani wanapuliza hewa ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, barafu inajitengeneza haraka, chembe zinakuwa ndogo sana, nyama haidhuriki sana. Sasa njoo kwa muuzaji wetu: kachinja kuku sitini, bado wana joto, kawatupia wote kwenye friza moja ya kifuniko cha juu ambayo raba imechoka. Hiyo friza haijatengenezwa kugandisha vitu, imetengenezwa kutunza vilivyokwisha kuganda. Wa katikati anaganda kesho mchana. Barafu ikikua polepole inakuwa na chembe kubwa zenye ncha, zinatoboa nyama kila upande. Ukija kuyeyusha unaona maji mekundu chini ya bakuli. Unayamwaga. Utamu wote umeumwaga hapo, halafu unakuja kulaumu Brazil.

Na kuna wanaozima friza usiku kubana umeme. Hawa wapo, nimewakuta, na bado wananiita kesho yake niangalie kwa nini friza "haigandishi vizuri".

Ukifika dukani angalia vitu hivi. Mfuko wa njegere utikise: zikicheza moja moja ziko salama, zikiwa donge moja ujue ziliyeyuka zikaganda tena. Kuku akiwa na barafu nyekundu iliyotuama upande mmoja wa nailoni, naye aliyeyuka. Nyama yenye mabaka meupe yaliyokauka pembeni imekaa muda mrefu au nailoni ilitoboka. Haina sumu, lakini sehemu hiyo utatafuna kamba.

Kwa friza yako ya nyumbani, chukua noti, fungia mlango juu yake, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, raba imekwisha.

#11 Chalii wa Ngarenaro

Noti ya shilingi ngapi fundi?

#12 Fundi Majokofu

Ya elfu kumi. Kisha niletee nikathibitishe.

#13 Mama Wawili Njiro

Sasa mimi nitamwaga mboga. NJEGERE ZA FRIZA NI TAMU KULIKO ZA SOKONI. Nimesema.

Za soko la Kilombero hapa Arusha nazipenda, wale mama wanabangua huku wanapiga stori, unapimiwa kwenye kopo. Lakini angalia vizuri: za juu kijani kibichi, ukizamisha mkono chini unakuta joto, na nyingine zimeanza kutoa kimkia cha kuota. Ukizipika zinakuwa za unga unga, hata uchemshe vipi. Za friza zinaiva haraka na zina sukari yake. Wanangu wanazila hivi hivi bila kulazimishwa. Nani ananielezea?

#14 Mtu wa Mboga Tengeru

Dada #13 yuko sahihi kwa njegere, na sababu inajulikana. Njegere ikichumwa haifi, inaendelea kupumua. Sukari iliyomo inageuka wanga saa hadi saa, na joto likiwa kubwa inageuka haraka zaidi. Njegere ikitoka Lushoto kwenye gunia, ikalala njiani, ikalala sokoni, ikabanguliwa, ikakaa tena juani, unapoinunua "freshi" umeshanunua wanga. Ule moto ulioukuta chini ya rundo ni pumzi yake.

Za kiwandani zinaingizwa kwenye maji ya moto sana dakika moja na nusu hivi, zinapoozwa haraka kwenye maji ya baridi, ndipo zinagandishwa. Ule moto unaua vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha. Hapo vitamini C kidogo inapotea kwenye maji, sikatai. Lakini baada ya hapo inatulia. Mchicha uliouacha kwenye meza nao unaipoteza vitamini C kila siku, na hauwi na mtu wa kuulalamikia.

Kwa wanaogandisha nyumbani bila kuchovya kwanza: ndiyo maana maharage machanga yenu yanatoka na harufu ya majani makavu baada ya miezi miwili. Barafu haiui vile vimeng'enya, inavichelewesha tu. Maharage machanga yape dakika 3 kwenye maji yanayochemka, kisha maji ya barafu, kausha, gandisha yakiwa yametandazwa kwenye sinia, mwisho ndiyo uyatie mfukoni.

Ila msije mkagandisha tango, saladi au nyanya za kachumbari. Nyanya ya friza kazi yake ni mchuzi.

#15 Kibosho Kwetu

Dokta na Mtu wa Mboga asanteni. Kwa hiyo njegere friza imeshinda. Kuku bado. Nani ana nyama ya ng'ombe?

#16 Ole Monduli

Nyama ikilala siyo nyama. Nimemaliza.

#17 Ole Monduli

Narudi kidogo. Tukienda olpul, kambi yetu ya kula nyama, tunachinja porini, tunakula pale pale, tunakunywa supu yenye mizizi ya olkiloriti, mpaka mnyama aishe. Hakuna mtu amewahi kuuliza friza iko wapi. Nyie wa mjini mnaweka mbuzi kwenye sanduku la barafu halafu mnaita wageni. Mbuzi wa Kwa Mrombo anachomwa siku aliyochinjwa, ndiyo maana watu wanatoka Njiro na magari makubwa kumfuata.

#18 Daktari wa Ng'ombe

Laigwanan, kwa heshima zote. Mbuzi wa kuchoma mara moja nakubali, ana utamu wake, na vijana wa olpul wana meno. Lakini ng'ombe ni habari nyingine. Mnyama akichinjwa misuli bado ina nguvu ndani. Baada ya saa kadhaa inakakamaa, kisha inalegea polepole kadiri vimeng'enya vya nyama yenyewe vinavyofanya kazi. Nyama ikipumzishwa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4, siku saba na zaidi, inalainika kweli kweli. Yaani hiyo "iliyolala" ndiyo laini.

Na hapa namuunga mkono fundi kwa upande mwingine. Kosa kubwa la nyumbani ni kununua nyama saa 12 asubuhi bucha ikiwa bado na joto la mnyama, na kuisukuma friza saa hiyo hiyo. Misuli haijakakamaa bado. Ikigandishwa hivyo, siku ya kuyeyusha inajikunja kwa nguvu, inatoa maji, inakuwa ngumu. Watu wanasema "friza imeharibu". Ingelala kwanza kwenye friji ya kawaida usiku kucha ndipo igandishwe, wasingesema. Hata kuku, ukimchinja na kumpika papo hapo kifua kinakuwa kigumu kuliko ukimwacha saa nne au tano.

#19 Ole Monduli

Dokta umesoma sana. Nyama bado ikilala siyo nyama.

#20 Mpishi wa Mlima

Salamu kutoka Machame. Nimekuwa nasoma tu, ila mada imeingia jikoni kwangu.

Sisi tunaowapikia wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro tunaishi kwa friza na hatuna friza. Nyama inagandishwa mjini mpaka inakuwa jiwe, inafungwa magazeti tabaka kwa tabaka, inawekwa katikati ya mzigo ikizungukwa na karoti na kabichi. Geti la Machame liko mita 1,800 hivi, kuna joto. Kuku analiwa kwanza, maana ndiye wa kuogopwa. Ng'ombe anafuata. Kuanzia Shira kwenda juu baridi yenyewe inatusaidia, na ukifika kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, usiku hata maji ya kwenye ndoo yanaganda. Huko juu mgeni analishwa zaidi mboga, tambi, mayai, supu. Kwa safari ndefu tunaletewa vibichi vingine njiani.

Mgeni Mzungu anakula kuku Machame anasema hajawahi kula kuku mtamu hivi. Ni yule yule wa friza wa #1, mfupa mweusi na kila kitu. Njaa nayo ni kiungo, wadau.

Halafu jambo ambalo watu wa mjini hawalijui: kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, hayafiki 100. Kuku mwenye barafu katikati ukimpika kwa dakika za nyumbani, nje ameiva, ndani mbichi. Kwa hiyo kuku haingii sufuriani mpaka ameyeyuka mpaka kwenye mfupa. Tumbo la mgeni likivurugika kambi ya Barranco, bakshishi imeondoka na choo.

#21 Mama Wawili Njiro

😂😂 "bakshishi imeondoka na choo". Mpishi usipotee kwenye huu uzi.

#22 Msukuma wa Sakina

Mmefika kwa samaki? Hapo ndipo penye mwenyewe.

Watu wa Arusha na Moshi mnadanganywa sana na neno freshi. Sato anavuliwa Mwanza, anapigwa barafu, anasafiri usiku kucha kupitia Singida, anamwagwa mezani, anamwagiwa maji ang'ae. Muuzaji anakwambia "wa leo". Wa leo kafika, kavuliwa lini? Mimi nikimkuta aliyegandishwa kiwandani saa chache baada ya kutoka majini, namchukua huyo na ninalala usingizi. Viwanda vya sangara vya Mwanza vilinyooshwa na Ulaya, mwaka 1999 walifungia samaki wa ziwani kwa hofu ya sumu ya kuvulia, tangu hapo usafi na baridi vinasimamiwa. Sisi wenyeji tukabaki na mapanki, mifupa iliyotolewa minofu. Haya.

Kama unataka mbichi kweli na uko Moshi, perege wa Nyumba ya Mungu yuko karibu. Mwangalie jicho: liwe limetuna na linang'aa. Fungua shavu: jekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole, ukibaki shimo mwache palepale na mwenye meza yake.

#23 Kibosho Kwetu

Na wale jodari wa Tawariq, meli ya kigeni iliyokamatwa 2009 ikivua kwetu, walikuwa wa friza au?

#24 Msukuma wa Sakina

Samaki wa Magufuli! Waliganda kwenye meli. Na meli za jodari zinagandisha baharini hapo hapo, kwa hiyo kwa upande wa ubichi wale walikuwa wanamshinda changu wa Tanga aliyepanda basi la mchana akiwa kwenye boksi la maboya.

#25 Bi Tanga

Wewe Msukuma, changu wa Tanga umwache kama alivyo!

Nyote mnazungusha maneno, mnaogopa kusema. Samaki wa friza anatiwa ile dawa ya kuhifadhia maiti. Mtoeni nje mkamuweke uani, nzi hatui. Samaki wa kweli anafuatwa na nzi na paka wa mtaa mzima. Yule hata paka anamnusa anaondoka.

#26 Mmeru Halisi

Bi mkubwa shikamoo. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu #7.

#27 Daktari wa Ng'ombe

Shikamoo Bi Tanga. Nzi anafuata harufu, na kitu kilichoganda hakitoi harufu. Mwache samaki huyo huyo ayeyuke mpaka saa nane mchana uone kama hatapata wageni. Fomalini ina harufu kali inayochoma macho na pua, na inakaza nyama mpaka inakuwa mpira, ukiila utaijua. Na mwenye friza inayofanya kazi ana sababu gani ya kununua dawa? Baridi tayari ni kinga. Mwenye kishawishi cha dawa ni asiye na baridi.

Sakata la nyama za supamaketi Kenya mwaka 2019, watu huwa wanalichanganya na hili. Kule zilitajwa chumvi za sodiamu metabisulfaiti za kufanya nyama ya kwenye kabati la kioo ionekane nyekundu siku nyingi. Ile ni nyama ya baridi, haikuganda.

#28 Bi Tanga

Marahaba baba. Lakini paka je?

#29 Chalii wa Ngarenaro

Dokta jibu la paka tunalisubiri.

#30 Mjomba Mbishi wa Majengo

Nimesoma yote. Kila mtu ana sababu yake, fundi barafu, dokta mifupa, bibi paka. Mimi nasema tatizo liko kichwani. Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli hapa Arusha, kuku wote wa friza, wageni wanaagiza "local fresh chicken" na wanasifia. Harusi zenu za ukumbini mnazochangia mpaka mnakopa, mnadhani kuku wa watu mia nne walichinjwa asubuhi ile? Mbona pale hamvunji mapaja kukagua? Ukijua ni wa friza anakuwa hana ladha. Usipojua unaomba kuongezewa.

#31 Mama Kuku wa Sanya Juu

Mjomba mbishi, kaa chini nikueleze, mimi nafuga wote wawili.

Mnalinganisha kuku wawili tofauti mnasema ni friza. Wa friza ni wa kisasa, wiki sita, amekula pumba na soya bila kutembea. "Freshi" wenu ni wa kienyeji aliyekimbizwa na mbwa miezi minane. Hata huyo wa kisasa ungemchinja mlangoni kwako asingekuwa na ladha ya kienyeji. Na huyo kienyeji ukimgandisha vizuri, ukamtoa, supu yake bado itakutoa jasho. Mimi wangu wa Krismasi nawachinja mapema, wanapoa usiku kucha kwenye friji, ndipo wanaingia friza. Wateja wanarudi.

Halafu kuna maji. Wapo wanaomwacha kuku kwenye pipa la maji avimbe kabla ya kugandisha, wengine wanatumia sindano. Unalipa kilo, unapeleka maji nyumbani. Ukimtia sufuriani anachemka kwenye maji yake mpaka unajiuliza umeweka lini. Hilo nalo watu wanaita "friza".

#32 Fundi Majokofu

#31 naunga mkono kwa maji. Ila kwa ladha sikubali yote. Chukua kienyeji wawili ndugu, mmoja mgandishe kwa friza ya mtaani yenye raba mbovu, utaniambia.

#33 Mama Kuku wa Sanya Juu

Nitengenezee raba basi, maana ulichukua advansi na simu hupokei.

#34 Chalii wa Ngarenaro

🔥🔥🔥

#35 Fundi Majokofu

Mama nakuja Jumamosi. Mambo ya kazi tuyamalizie inbox.

#36 Mchaga wa Kimara

Nyie wa huko juu mna raha, mnabishana. Sisi wa Dar mwezi wa kumi na mbili tukipanda, tukirudi ndiyo mtihani. Nyama ya nyumbani, mshare (ndizi za mtori) umemenywa, vyote kwenye boksi moja, basi linaondoka Moshi alfajiri. Nikifika Kimara mshare umekuwa mweusi tii. Mtori unatoka na rangi ya kahawa. Kuna dawa?

#37 Mtu wa Mboga Tengeru

Usisafirishe ukiwa umemenywa, au kama umemenya uuchemshe nusu kwanza ndipo ugandishe. Ndizi ikikatwa inapigwa na hewa inageuka, ni vile vile vimeng'enya vya #14. Tone la limau linasaidia. Na ndizi yenye ganda usiiweke kwenye friji kabisa, chini ya nyuzi 13 ganda linaungua kwa baridi.

#38 Kibosho Kwetu

Mshare wa boksi tunakuvumilia, ila kisusio usijaribu kukigandisha. Damu ya mbuzi inanywewa kwenye mgomba, siyo Kimara.

#39 Mchaga wa Kimara

Mangi umenigusa pabaya. Nilishawahi kufikiria.

#40 Mama Wawili Njiro

Swali kwa fundi (akimaliza kesi ya #33). Umeme ukikatika nikiwa kazini, nikirudi umesharudi, nitajuaje friza iliyeyuka? Wakati ule wa mgao wa 2023 nilikuwa natupa vitu kwa wasiwasi tu.

#41 Fundi Majokofu

Rahisi dada. Jaza maji kikombe, kigandishe, kisha weka sarafu ya mia mbili juu ya barafu, kiache humo friza. Ukirudi ukakuta sarafu iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini au katikati, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama yako vilevile.

Na usifungue mlango umeme ukikatika. Friza iliyojaa, ikifungwa, inashika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Wenye friza nusu tupu jazeni chupa za maji, zikae humo.

#42 Daktari wa Ng'ombe

Nyongeza kwa #41: nyama ikiwa bado na chembe za barafu ndani unaweza kuirudisha, ubora utashuka kidogo. Ikishakuwa ya uvuguvugu saa kadhaa, usiirudishe. Baridi haiui vijidudu, inavilaza. Vikiamka vikazaana, ukivilaza tena vinakuwa vingi. Na tafadhali acheni kuyeyusha kuku kwenye beseni juani au kwa maji ya moto. Mtoe jioni, mweke friji ya kawaida chini, juu ya sahani yenye kingo, apate usiku mzima.

Kitu kimoja friza inakushinda soko moja kwa moja: wapenzi wa kitimoto, mnisikilize. Mabuu ya tegu kwenye nyama ya nguruwe yanakufa kwa baridi kali ya siku kadhaa. Bado uipike mpaka iive, siyo ile ya "nusu nusu" ya baa.

#43 Chalii wa Ngarenaro

Dokta umeharibu Ijumaa yangu.

#44 Mjomba Mbishi wa Majengo

Narudi kusema bado liko kichwani. Wekeni sahani mbili bila kuambiana, mjomba wenu nitakuja kuwa shahidi, na nitakula zote mbili.

#45 Ole Monduli

Mjomba njoo Monduli, sahani ni moja.

#46 Bi Tanga

Paka hajajibiwa.

#47 Kibosho Kwetu

Fundi, nimeona friza ya mtumba hapa Moshi, ndogo, bei nzuri. Nyuma imeandikwa R600a. Ni nzuri?

#48 Fundi Majokofu

Nzuri, inakula umeme kidogo. Ila hiyo R600a ni gesi inayowaka moto kama ya jikoni. Ikipata shida usimpelekee fundi anayevuta sigara kazini.

#49 Mama Kuku wa Sanya Juu

Na wala asiyepokea simu.